Kamba Iliyokaza pale Ubavuni

Muhonja, mjukuu wangu, ameniletea daftari la kurasa mia moja na kalamu mbili. Mbili, kwa sababu ananijua. Ninaandika polepole kama mtu anayepanda vitunguu, na elimu yangu iliishia shule ya msingi. Kuongea mbele ya watu kunanishinda zaidi. Kwa hiyo nyinyi vijana mliochukua kazi ya kuongoza wageni mlimani, msinitarajie kwenye mkutano wenu. Someni hapa. Nitasema yote, hata lile ambalo sikutaka kulisema.

Kazi yangu ilikuwa njia. Huku mashariki mwa Kakamega, nchi inapoinuka ghafla kwenda upande wa Nandi, kuna njia za miguu zinazopanda ukingoni, na mimi nilikuwa mmoja wa vibarua waliozitunza. Tulifyeka, tulichimba mitaro, tuliweka ngazi za magogo. Wakati wa masika tulikuwa na kazi ya ziada: kuvusha watu. Mahali pabaya kuliko pote ni ule mteremko tunaouita Ubavu. Njia inaukata katikati kwa hatua kama mia mbili. Juu yako ni udongo, chini yako ni udongo, halafu korongo. Mtu akisimama upande mmoja anaweza kumwita aliye upande wa pili na kumsikia akijibu. Ndiyo maana watu wanaudharau.

Aliyenifundisha aliitwa Injendi. Alikuwa mfupi, na alitembea na fimbo yenye ncha ya chuma. Aliichoma ardhini kila baada ya hatua chache, kisha akaichomoa na kuitazama kama daktari anayetazama kipimajoto. Ncha ikitoka na vumbi, tulipita. Ikitoka na udongo unaonata, tulipita kwa uangalifu. Fimbo ikizama kama kisu kwenye parachichi lililoiva na shimo likijaa maji, tulirudi nyumbani.

Wiki yangu ya kwanza nilimpikia chai. Mvua ilikuwa inanyesha, nikatafuta mahali pasipo na upepo, nikapapata kwenye mdomo wa korongo, chini kabisa ya Ubavu. Moto ukawaka vizuri. Injendi akaja, akatazama sufuria, akatazama juu, akaimwaga chai yote kwenye moto.

"Mzee, nimekosa nini?"

"Wewe ukitaka kulala, unalalanga kwenye mlango wa zizi ng'ombe wakitoka?"

"Hapana."

"Basi huu ni mlango. Kinachotoka juu kinapitia hapa. Chukua sufuria."

Tulikunywa chai juu ya mwamba, tumelowa, na haikuwa na sukari kwa sababu sukari ilibaki kule. Mpaka leo nikiwaona wageni wenu wameketi kwenye mdomo wa korongo wakila mkate, natamani kuumwaga ule mkate.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Niliona maji yanatuama juu ya njia, nikachimba mtaro mzuri, ulionyooka. Sikuangalia unaishia wapi. Uliishia kwenye ufa. Injendi alipoona maji yanaingia ardhini badala ya kushuka, alishika kichwa. "Umemnywesha mgonjwa chang'aa!" akasema. Siku mbili tulifukia ule mtaro. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, tembeeni na maji mpaka mwisho wake. Kila mtaro ufikishe maji kwenye mawe.

Sasa sikilizeni mambo ya kutazama. Mti uliopinda shinani kisha ukanyooka juu unawaambia kwamba udongo wa pale unatembea polepole tangu mti ukiwa mdogo. Nguzo za ua zilizoinama zote upande mmoja zinasema hivyo hivyo. Chemchemi ikibadilika rangi kuwa kahawia, ogopeni. Ikikauka ghafla katikati ya masika, ogopeni zaidi, maana maji yamebaki ndani. Na msidhani hatari ni siku ya radi na mvua ya mawe peke yake. Mvua ya namna hiyo maji yake mengi hukimbilia mtoni. Mimi naogopa mvua ndogo ya siku tatu au nne mfululizo, halafu asubuhi ya jua. Watu huiona asubuhi hiyo kuwa nzuri, wanaanika nguo, wanasema njia imekauka. Juu imekauka. Ndani bado inakunywa.

Simu zenu zinawaambia mvua itanyesha saa ngapi, na ni jambo jema, sisi tuliangalia mawingu tukakisia. Lakini simu inajua habari za juu. Habari za chini inawabidi mwinamishe mgongo.

Na kuna kamba.

Kamba ilikuwa ya Injendi. Alipoona ufa juu ya Ubavu, alipiga kigingi kimoja juu ya ufa na kingine chini yake, akafunga kamba ya katani kati yao, imelegea kiasi cha kuingiza vidole vitatu. Kila asubuhi ya masika mmoja wetu alipanda kuitazama kabla mtu wa kwanza hajapita. Ikiwa bado imelegea, mlima umelala. Ikiwa imekaza, kigingi cha chini kimeondoka na udongo wake, na siku hiyo hakuna wa kupita. Hakuna hesabu hapo wala kusoma. Hata mimi niliweza.

Mmesikia kwa wazee kwamba kamba ya Injendi ilidanganya. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa na nywele nyeusi. Sasa nitawaeleza lilianzia wapi.

Mimi nilioa juu, kwa watu wa ng'ambo ya Ubavu. Mke wangu anaitwa Khasandi. Baba mkwe wangu, Mzee Shitanda, alikuwa na fahali wa kupigana aliyejulikana vijiji vyote vya pale. Kaka yake mke wangu, Lumbasi, ndiye aliyemlisha yule fahali na kumshika kamba. Lumbasi alikuwa mtu wa mzaha. Kila akiniona alisema, "Shemeji, bado umemeza ulimi? Dada yangu anaongeanga na nani huko nyumbani? Na kuku?" Nilimpenda sana. Watu wasioongea huwapenda watu wa namna hiyo, kwa sababu wanatuongelea.

Mwaka mmoja wakati wa masika, mzee mkubwa alifariki huku chini. Kwetu, mzee kama huyo haendi kaburini kimya. Mafahali huletwa kwake na ngoma za isukuti, watu wanakimbia wakiimba, boma lake linakanyagwa kwa heshima. Shitanda alisema fahali wake lazima awepo. Barabara ya kuzunguka ilikuwa mwendo wa nusu siku. Njia ya Ubavu ilikuwa fupi.

Ilikuwa imenyesha siku nne, mvua ndogo. Asubuhi hiyo jua likatoka. Injendi alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo nilipanda peke yangu kutazama kamba.

Ilikuwa imekaza. Ilikaza kama uzi wa ala ya litungu, na nilipoigusa kwa kidole ililia kidogo. Kigingi cha chini kilikuwa kimeinama.

Nilishuka nikijizoeza maneno. "Baba, kamba imekaza, hakuna wa kupita leo." Niliyasema njia nzima, kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na mtu. Nilipofika kwenye ncha ya njia, upande wa juu, wakaja. Nadhani walikuwa watu arobaini. Ngoma, majani mikononi, akina mama wanapiga vigelegele. Fahali katikati, na Lumbasi mbele yake, ameizungusha kamba ya fahali mkononi mara tatu ili isimponyoke.

"Shemeji!" akaniita. "Leo ni msiba, angalau lia tusikie sauti yako!"

Watu wakacheka. Ngoma zikapungua. Mzee Shitanda akasimama mbele yangu. Nyinyi mnaojua kwetu mnajua mkwe ni nani. Hata kula mbele yake nilikuwa sijazoea.

Nikasema, "Baba, mngepita mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja?" Aligeukia watu wake. "Mnamsikia mkwe wangu? Fahali aende msibani mmoja mmoja, kama mwizi wa kuku?"

Wakacheka tena. Yeye hakucheka, alinitazama tu, akingoja. Ninaamini alikuwa ananipa nafasi. Neno lililobaki lilikuwa moja, kamba. Nililiona mbele yangu kama ninavyoliona sasa kwenye karatasi. Nikashindwa. Nikatoka njiani.

Hapo pana kitu ambacho nimekifikiria kuliko kingine chochote. Injendi alikuwa ameshaniambia nifanye nini. Siku moja alinikuta nimewaacha wanawake wenye kuni kupita wakati sikutaka wapite. Akaniuliza kwa nini, nikasema sikujua niseme vipi. Akanijibu, "Kama mdomo umekataa, matako hayajakataa. Keti njiani. Mtu hamkanyagi mtu aliyeketi." Tulicheka. Njia ya Ubavu ina upana wa mtu mmoja. Ningeketi tu.

Waliingia wote pamoja. Mimi nilibaki kwenye mwamba. Sisemi ngoma ndizo zilizoangusha mlima. Mlima ulikuwa umeshakata shauri, nilikuwa nimeiona barua yake. Ninachosema ni kwamba kama wangepita mmoja mmoja, ungempata mmoja au usimpate yeyote, na kama wasingepita kabisa, ungepata nyasi.

Haukupiga kelele kubwa. Ulikuwa mlio wa mahindi yanapomiminwa kutoka kwenye gunia. Nikaona nyasi zinakwenda, zimesimama wima vilevile, kama zimepanda kitu. Wengi walikuwa karibu kufika ng'ambo, wakakimbia mbele. Walio nyuma wakarudi. Walikimbia kwa upande, na hilo liliwaokoa. Msikimbie kamwe kuelekea chini, hamtaushinda. Fahali akateleza. Lumbasi angemwachia, lakini kamba ilikuwa mara tatu mkononi. Nilimwona akiutazama mkono wake.

Kwa hiyo kamba ya mnyama ishikwe kwa kiganja tu. Mzigo wa mgongoni ulegezwe kabla ya kuingia mahali pabaya, ili uweze kuuacha. Kila mara mkiniona nawafungua wageni wenu mikanda ya mabegi, mnacheka. Ni kwa sababu ya mkono ule.

Tulichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Mama mmoja aliyevunjika mguu tulimbeba mpaka hospitali, Mukumu. Lumbasi tulimpata alasiri.

Jua lilipokuwa linashuka, Injendi akaja. Alikuwa amejifunga blanketi na anatetemeka. Hakuuliza nani amekufa. Aliniuliza, "Kamba ilikuwaje?"

Nikamwambia, "Ilikuwa imelegea."

Aliniangalia na homa ile machoni. Kisha akapanda mwenyewe, blanketi linaburuta, kwenda kuitazama. Hapakuwa na kigingi wala ufa. Vyote vilikuwa korongoni. Aliposhuka alikuwa mzee. Alimwendea Shitanda mbele ya watu wote, akasema, "Nilimfundisha mkweo kitu kisichofaa. Kosa ni langu." Na mimi nilikuwepo, nimesimama na jembe.

Injendi hakufunga kamba tena maisha yake yote. Aliendelea na fimbo, lakini aliichoma mara mbili mbili, hakuiamini. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hata hapo sikusema.

Niliendelea na kazi. Nilipanda cheo nikawa msimamizi wa vibarua, nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani. Kila masika nilifunga kamba kwa siri, mahali ambapo hakuna aangaliaye, na watu walidhani nina bahati ya kujua siku mbaya. Kwa Khasandi, mke wangu, nilikuwa mume mwema aliyemchimbia kaka yake kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Yeye hakulitaja tena jina la Lumbasi mbele yangu. Nilidhani ananihurumia. Hakutia mguu Ubavuni tena pia.

Sasa masika haya. Muhonja, ambaye ni mmoja wenu, alikuwa anaongoza wanafunzi wa chuo, wale wanaopanga vyumba Shirere. Kumi na wawili, wenye viatu vizuri. Mvua siku nne. Asubuhi ya jua. Nilikuwa nimeshapanda na fimbo yangu, nimeiona kamba, na nilipokuwa ninashuka niliwasikia wakicheka kwenye ncha ya njia.

Nilitaka kumwita Muhonja pembeni. Lakini alikuwa ameshaweka mguu mmoja njiani, na wengine wamejipanga nyuma yake. Nikapita mbele yake, hatua tatu, nikageuka, nikaketi kwenye matope.

"Kuka," akasema. Ndivyo tunavyomwita babu. "Kuka, umeanguka?"

"Nimeketi."

Kijana mmoja mwenye kofia akasema, "Mzee amechoka. Mzee, tukubebe?"

"Kamba imekaza," nikasema. "Leo hakuna wa kupita."

Muhonja akainama karibu na sikio langu. "Kuka, unaniaibisha mbele ya wageni. Na hiyo kamba si ndiyo ilidanganya watu zamani? Kila mtu anajua. Tafadhali simama."

"Aibu inafuliwa," nikamwambia. Walikuwa wananitazama wote, na yule mwenye kofia alikuwa ameinua simu. Nilihisi ulimi unarudi nyuma kama zamani. Nikashika matope kwa mikono yote miwili.

"Haikudanganya," nikasema. "Ilikuwa imekaza siku ile. Mimi niliiona asubuhi, kabla hawajafika. Nikanyamaza. Halafu nikamdanganya Injendi kwamba ilikuwa imelegea. Lumbasi alikufa kwa sababu yangu. Kamba haijawahi kudanganya mtu."

Yule kijana alishusha simu. Akavua kofia, sijui kwa nini. Muhonja alibaki ameinama, mkono wake begani mwangu, na sikuweza kumtazama. Mwishowe alisimama akawaambia wenzake, "Tunazunguka." Wakazunguka. Nusu siku. Hawakuyaona maporomoko ya maji waliyokuja kuyaona.

Na mlima haukuanguka. Siku ile haukuanguka, wala wiki ile, wala mpaka ninapoandika. Kuna wanaonicheka sokoni. Jueni mapema kwamba kazi hii ina dharau yake. Ukikosea, watu wanazikwa. Ukipatia, hakuna kinachotokea, na hakuna anayeweza kukuonyesha kitu kisichotokea. Ukitaka kushukuriwa, tafuta kazi nyingine.

Nilipofika nyumbani, Muhonja alikuwa ameshapiga simu. Khasandi alikuwa amekaa mlangoni. Aliniambia nivue suruali. Akaifua, akaikamua kwa nguvu mpaka nikadhani itachanika, akaianika. Siku tatu aliniwekea obusuma, ugali wetu, mezani na kuondoka. Siku ya nne akasema, "Mzee Injendi alikufa akijua kosa ni lake."

"Ndiyo."

"Na watu mpaka leo hawafungi kamba."

"Ndiyo."

"Basi sema. Kwa watu wote. Usiposema wewe, nitasema mimi." Muhonja alileta daftari kesho yake.

Wiki iliyopita Khasandi alichukua bakora, akavaa gambuti zangu, akatangulia njiani. Sikumuuliza anakwenda wapi. Tulipumzika mara nyingi. Alipofika juu ya Ubavu alisimama, akautazama mteremko wote mpaka korongoni, kisha akashika ncha moja ya kamba mpya. Mimi nikafunga nyingine.

"Usivute sana," nikamwambia. "Ilegee vidole vitatu."

Akapima kwa vidole vyake. Akafunga fundo mwenyewe, fundo lile la kufungia ng'ombe alilofundishwa nyumbani kwao. Bila kuniangalia akasema:

"Lumbasi angekucheka wewe. Kuketi matopeni kama bata."

"Angenicheka," nikasema.

"Mwaka mzima."

Tukashuka. Juu ya Ubavu kuna mkaratusi uliopinda; vigingi viko upande wake wa juu, hatua ishirini kushoto. Pandeni mkaitazame kila asubuhi ya masika kabla ya mtu wa kwanza kupita. Mkiikuta imekaza, semeni. Mkishindwa kusema, ketini.